Wadau Walisikilizwa

FUNDI: Haloo? Haloo? Nani mwenzangu? Kama ni ile simu ya kioo, gundi haijakauka, njoo kesho.

DADA: Haloo, ni mimi.

FUNDI: Mimi nani? Kila anayepiga ni mimi.

DADA: Dada yako, bwana! Hata sauti umeisahau?

FUNDI: Aaa, dada! Shikamoo. Sasa hii namba ya nani?

DADA: Marahaba. Ya dereva wa ofisi, simu yangu imeisha chaji. Hujambo mdogo wangu?

FUNDI: Nasukuma siku. Shemeji? Watoto?

DADA: Wazima wote. Na huko kibandani? Kazi zipo?

FUNDI: Zipo. Watu wanaangusha simu, mimi nakula. Ngoja kidogo— We kijana, usiukunje huo waya, utaukata! Chaji kwa adabu!— Ndiyo, dada. Sema.

DADA: Nina habari njema.

FUNDI: Mh. Wewe ukiniita kwa habari njema huwa kuna kazi nyuma yake.

DADA: Sikiliza kwanza. Viti vimefika.

FUNDI: Viti gani?

DADA: Viti gani tena! Vya magurudumu. Si vile vya kile kikao cha wadau, ulichokuja na watu wako pale ukumbini—

FUNDI: Wee! Acha utani!

DADA: Sina utani. Kesho asubuhi mgeni rasmi anakuja kuvikabidhi. Hapa hapa ofisini.

FUNDI: Dada! Dada yangu mwenyewe! Leo umenitoa kimasomaso. Unajua shangazi kila nikipita kwake ananiuliza? Kila nikipita! "Vipi, wenzako wa tenda wamesemaje?" Mimi nazunguka na maneno, mara taratibu, mara mchakato. Mpaka njia ya kwake nimeihama.

DADA: [anacheka kidogo] Shangazi na maswali yake.

FUNDI: Si maswali yake, ana haki. Mtu alivua nguo mbele za watu, karibu niseme hivyo. Mbele ya wanaume na tai zao akasimulia habari za choo! Nani anasimulia habari za choo ukumbini? Nilikuwa nataka ardhi inimeze. Lakini mimi ndiye niliyemwambia sema, shangazi, usione haya, wanaandika.

DADA: Alisema vizuri sana.

FUNDI: Alisema ukweli. Choo kiko ng'ambo ya mtaro, juu ya mtaro kuna mbao mbili tatu za kukanyagia, na yeye miguu imekataa. Basi ikifika alasiri anaacha kunywa maji. Mtu mzima, na jua hili, anajinyima maji asije akamsumbua jirani kumbeba. Yule bwana mwezeshaji wenu hata kalamu ilimdondoka.

DADA: Nakumbuka.

FUNDI: Sasa kesho kwisha habari! Atavuka mwenyewe. Haya niambie, matairi wameyafanyaje? Yale mapana tuliyosema?

DADA: Kwa hiyo kesho tunataka wewe useme neno la shukrani kwa niaba ya wadau. Fupi tu. Mgeni rasmi hapendi—

FUNDI: Nitasema, hilo usijali. Matairi je?

DADA: Vina matairi mazuri.

FUNDI: Mazuri vipi?

DADA: Mazuri. Mapya. Yanang'aa.

FUNDI: Dada, hata toroli la saruji lina matairi. Nakuuliza la mbele likoje. Pana au jembamba?

[mtandao unakwaruza]

FUNDI: Haloo? Umenisikia?

DADA: Unakatika kidogo hapo—

FUNDI: Mimi nakusikia vizuri kabisa. Gurudumu la mbele, dada.

DADA: Ni vile… ni kama kile cha siku ile.

FUNDI: Cha siku ile kipi?

DADA: Kile cha mfano. Mlichokalia pale ukumbini.

FUNDI: Kile cha kuzungukia wodini? Chenye vigurudumu vya mbele kama vya kabati la televisheni?

DADA: Si vidogo kiasi hicho, na wewe!

FUNDI: Dada, nilikikalia mimi! Nilikizungusha, watu wakapiga makofi, picha zikapigwa. Kwenye vigae! Kwenye vigae hata ndoo inateleza. Nikasema jamani, tutoke nacho nje, tukijaribu kwenye kokoto. Nani alinijibu? Mwezeshaji. Akasema chakula kinapoa.

DADA: Kilikuwa kimechelewa kweli, na watu—

FUNDI: Watu gani? Sisi tulikuwa tumeshiba? Na wewe ulikuwa umekaa meza ya mbele. Ulinitazama. Ukaangalia saa.

DADA: Nilisema tutaliweka kwenye mapendekezo.

FUNDI: Sawa. Mkaliweka?

DADA: Liliwekwa.

FUNDI: Na zile karatasi za rangi? Mlizotugawia tuandike maoni, tukazibandika ukutani kama watoto wa chekechea? Ya shangazi niliandika mimi kwa mkono wangu, ya njano. "Kipite kwenye mbao." Basi. Hakuomba redio, hakuomba mwavuli. Kipite kwenye mbao. Ile ilikwenda wapi?

DADA: Zote zilipigwa picha.

FUNDI: Zikapigwa picha.

DADA: Ndiyo, ziko kwenye taarifa.

FUNDI: Basi mpeni shangazi hiyo picha aipande, avukie.

DADA: Usianze.

FUNDI: Sijaanza. Nikianza utajua.

DADA: Mimi nimekupigia kwa wema, wewe unanirukia. Unadhani ununuzi wa serikali ni kama wewe kwenda dukani kuchagua betri? Kuna kamati. Kuna wa juu. Kuna mtu wa mahesabu anayekalia karatasi kama kuku wa mayai. Mimi natukanwa na kila mtu! Leo tu mtunza stoo kanisimamisha kwenye ngazi, ananifokea mimi, eti lini tutamwondolea makorokoro yake, viti vimemjazia stoo tangu kabla ya mvua, panya wamekula maboksi—

FUNDI: Ngoja.

DADA: —kana kwamba mimi ndiye—

FUNDI: Ngoja, ngoja. Tangu lini?

DADA: Nini?

FUNDI: Vimemjazia stoo tangu lini? Sisi mlituita mvua zimeshakwisha. Tope limeshakauka. Nakumbuka kwa sababu ndipo mkokoteni wa shangazi ulipoweza kupita. Tulisubiri likauke ndiyo tukamleta.

DADA: Nimekosea kusema. Nilimaanisha—

FUNDI: Ulimaanisha nini?

DADA: Mtandao—

FUNDI: Mtandao haujafanya kitu, uache mtandao. Siku ile shangazi anaeleza habari zake za choo, viti vilikuwa stoo? Vilikuwa ndani ya jengo lile lile?

DADA: Jengo la nyuma.

FUNDI: La nyuma! Haya, Mungu akubariki, jengo la nyuma!

DADA: Punguza sauti, una mteja.

FUNDI: Mteja nimemfukuza kwa macho. Kwa hiyo mlikuwa mmeshanunua. Mmeshanunua, mmeshapokea, mmeshafunga mlango. Halafu ndiyo mnatuita, karibuni wadau, tunataka sauti zenu zituongoze katika kuchagua. Bango kubwa ukutani! "Sauti Yako, Chaguo Letu."

DADA: Bango lilitoka juu.

FUNDI: Na soda nazo zilitoka juu? Mmetupiga changa la macho, dada. Tena la karibu, maana wewe unajua macho yetu yalipo.

DADA: Sikiliza. Naomba unisikilize bila kunikatiza.

FUNDI: Nakusikiliza.

DADA: Faili lilirudishwa. Unanielewa? Wakaguzi walilirudisha. Walisema kila kitu kipo isipokuwa ushirikishwaji wa wadau. Bosi akaniita, akafunga mlango, akaniambia hiki kipengele kiwe kimepatikana kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nitafute pa kupeleka cheti changu. Ningefanyaje? Nimwage unga? Watoto wale nini? Mama dawa zake nani ananunua, wewe?

FUNDI: Usimtie mama humu.

DADA: Namtia! Maana yumo! Nyote mmo mnakula ofisi hii, halafu mkishiba mnaitukana.

FUNDI: [anacheka kwa pua] Sawa. Sasa nimeelewa mimi ni nani. Mimi ni kipengele.

DADA: Sikusema hivyo.

FUNDI: Kipengele kilichokosekana. Kimepatikana, kimekunywa soda, kimerudi kibandani.

DADA: Unapenda sana maneno.

FUNDI: Na kwa nini mimi? Hilo hebu nijibu. Chama kikubwa cha watu wenye ulemavu kipo, kina ofisi, kina yule mama mkali wa miwani anayewasumbua kila mwaka. Kwa nini yeye hakuitwa? Kwa nini mliniita mimi fundi simu, na shangazi, na jirani yake, na binamu yetu mshona viatu?

DADA: Yule mama ni mkorofi.

FUNDI: Mkorofi.

DADA: Angeuliza maswali mpaka jioni. Angetaka kuona stoo.

FUNDI: Na mimi je, dada?

DADA: Nilijua wewe hutaniaibisha. Mdogo wangu, uko hapo?

FUNDI: Nipo.

DADA: Sikuwa na maana mbaya. Wewe ni damu yangu. Nilisema nikiweka watu wangu, angalau—

FUNDI: Kumbe kile hakikuwa kikao cha wadau. Kilikuwa kikao cha ukoo. Tungejua tungekuja na mama naye, akae meza ya mbele, aangalie saa na wewe.

DADA: Nimekukosea. Haya, nimesema. Umeridhika?

FUNDI: Unajua kilichoniuma? Mimi nilikwenda nyumba kwa nyumba. Niliwaambia watu safari hii ni kweli, dada yangu yumo mle ndani, yeye si kama wale. Binamu kwanza alikataa. Akaniambia hawa wakishatuona wanatusahau. Nikamtukana! Nilimtukana mtu mzima kwa ajili yako.

DADA: [sauti ya chini] Najua.

FUNDI: Hujui. Nilivimba kichwa pale ukumbini. Mlinivisha kilemba cha ukoka nami nikakivaa, nikajiona mtu. "Mwakilishi wa wadau." Mke wangu alinipigia pasi shati.

DADA: Viti si vibaya vyote. Kuna watu hawana kabisa. Yule mtoto wa mwalimu, anakaa nyumba ya sakafu, kitamfaa. Na hospitali—

FUNDI: Wapeni hao. Wapeni na nawatakia heri. Lakini shukrani za kesho mimi sisemi.

DADA: Usifanye hivyo.

FUNDI: Sisemi. Mtafuteni mdau mwingine. Ukoo wetu mkubwa.

DADA: Jina lako liko kwenye ratiba.

FUNDI: Lifuteni. Mnajua sana kufuta.

DADA: Usinifanyie hivi leo. Bosi ananiangalia vibaya, mgeni rasmi—

FUNDI: Dada, mimi nikishika maiki kesho nitasema. Unanijua. Nitasema jengo la nyuma. Sasa chagua wewe, nije au nisije.

[gari linapiga honi upande wa pili]

DADA: Basi usije.

FUNDI: Ndivyo.

DADA: Lakini kuna jambo. Shangazi itabidi aletwe. Tutatuma gari la ofisi, ila wewe umsaidie kupanda. Wewe amekuzoea.

FUNDI: Shangazi aletwe wapi?

DADA: Kesho. Yeye ndiye atakayekabidhiwa cha kwanza.

FUNDI: Nani kasema?

DADA: Mgeni rasmi. Alisoma ile taarifa ya kikao, akaipenda sana hotuba yake. Anataka aiseme tena, fupi, mbele ya kamera. Halafu anakalishwa kitini, mgeni anamsukuma kidogo, watu wanapiga makofi, tunamaliza.

FUNDI: Aiseme tena. Habari za choo.

DADA: Haikuandikwa choo. Iliandikwa "changamoto za miundombinu".

FUNDI: Dada.

DADA: Nakusikia.

FUNDI: Hebu rudia ulichosema, halafu ujisikilize.

DADA: Usinihukumu. Si mimi niliyeandika.

FUNDI: Umeshamwambia?

DADA: Nilimpigia asubuhi, kwa simu ya jirani yake. Alipiga vigelegele. Kaomba kitenge chake kile cha harusi ya mwanangu kitolewe sandukuni kipigwe pasi.

FUNDI: Ulimwambia ni viti gani?

DADA: Kulikuwa na kelele—

FUNDI: Ulimwambia?

DADA: Aliniuliza jambo moja tu.

FUNDI: Lipi?

DADA: Kama kinapita kwenye mbao.

FUNDI: Ukamjibu nini?

[mtandao unakwaruza, mlio mfupi]

FUNDI: Dada, ukamjibu nini?

DADA: Nikamwambia kinapita.

FUNDI: Ya Rabi.

DADA: Ningesemaje? Alikuwa anacheka! Hujamsikia alivyokuwa anacheka. Alikuwa anawaita majirani, njooni msikie, mtoto wa kaka yangu kanikumbuka. Wewe ungeweza? Sema kweli, ungeweza kumkata furaha pale?

FUNDI: Kesho jioni gari lenu litamshusha pale, na kiti chake. Ataamini. Atajaribu, dada. Unamjua shangazi, hatangoja mtu. Kile kigurudumu kitaingia katikati ya ubao na ubao, naye ataingia mtaroni.

DADA: Usiseme hivyo.

FUNDI: Niseme nini sasa? Nafunga kibanda. Nakwenda kumwambia.

DADA: Usimwambie leo! Nakuomba. Mwache leo alale na furaha yake, kesho baada ya sherehe mimi mwenyewe nitakuja, nitampigia magoti—

FUNDI: Baada ya picha.

DADA: Ukimwambia leo hatakuja! Na asipokuja mimi nimekwisha, unanielewa? Nimekwisha!

FUNDI: Atakuja.

DADA: Hatakuja, nani atakuja kwa jambo kama—

FUNDI: Wewe miaka yote hii humjui shangazi? Atakuja. Nitamwambia kila kitu, stoo, panya, jengo la nyuma. Halafu ataniuliza, na huyo mwanangu, nisipotokea kesho watamfanyaje? Nami nitamwambia. Basi atakuja. Atavaa kitenge chake, atasema habari za choo vizuri kuliko siku ile, atakalia hicho kiti chenu na atamshukuru mgeni mbele ya kamera. Hatakuaibisha.

[Dada analia upande wa pili]

FUNDI: Ndiyo maana mlimchagua, au sivyo?

DADA: [mlio mfupi mara mbili] Salio la watu linaisha… mdogo wangu, sikia—

FUNDI: Nasikia.

DADA: Ukifika kwake… mwambie… mwambie mimi nili—

FUNDI: Nimwambie wewe ulifanya nini?

[mlio mrefu]

FUNDI: Haloo? Dada? Ulifanya nini? Haloo?